Simu ya Kumtanguliza Abiria

Wiki ya mwisho kazini nilirudisha funguo, redio na koti la rangi ya chungwa. Filimbi niliambiwa nibaki nayo, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekubali kuitia mdomoni. Ndiyo zawadi yangu ya kustaafu, ukiacha keki. Sasa muda ninao, na wale vijana wetu walioanza kazi ya stesheni hapa Sydney wananiuliza kila Jumapili nje ya kanisa, "Mama Neema, hiyo kazi yenyewe ikoje?" Kila nikitaka kujibu, ibada inaanza. Basi naandika.

Habari za vyeo na mishahara someni kwenye mikataba yenu. Huko sina jipya.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa stesheni ya Seven Hills. Nilitoka nyumbani Merrylands alfajiri na viatu vipya vyenye nia mbaya na vidole vyangu. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Dodoma miaka kumi na tatu, kwa hiyo kusimama na kupiga filimbi hakukuwa jambo geni. Jambo geni ni kwamba hapa nilipiga na hakuna aliyepanga mstari. Siku hiyo mama mmoja aliniuliza treni ya kwenda mjini iko jukwaa la ngapi, nikamwonyesha kwa kujiamini, akapanda ya kwenda milimani. Nadhani alifurahia mandhari. Sikupata nafasi ya kumuuliza.

Aliyenifundisha kazi ni Joe, mzee wa asili ya Malta aliyebakiza miaka miwili kustaafu na asiyependa kuongeleshwa kabla ya kahawa. Joe alinifunza kwamba jukwaani hutazami nyuso, unatazama miguu. Uso wa abiria umetulia, uko kwenye simu, hauna habari. Mguu ndio unaokwambia mapema. Kisigino kikinyanyuka wakati milango inajifunga, huyo anataka kukimbia, na wewe usishushe macho. Alinifunza pia kufuta kipaza sauti kabla ya kukitumia, hasa msimu wa mafua, na kutokuweka rampu nyuma ya ndoo ya kupigia deki. Rampu ni ule ubao tunaoulaza kati ya jukwaa na behewa ili kiti cha magurudumu kipite. Ikihitajika inahitajika sasa hivi, na wewe uko kabatini unapigana na ufagio.

Nilihamishwa mara tatu, nikaishia stesheni moja ya reli ya magharibi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu mtakayoyasoma huko mbele ni makosa yangu na si yake.

Nina tabia moja ambayo marehemu mama yangu aliiita umbea na mimi naiita udadisi. Napenda kujua mtu anakwenda wapi. Jumatatu hadi Ijumaa hakuna siri: buti ngumu wanakwenda bohari, vitambulisho shingoni wanakwenda hospitali, na wanaotembea wakila mkate wamechelewa. Jumamosi watu wale wale wanageuka. Kaka wa bohari, ambaye wiki nzima hakuinua uso, anakuja na ubao wa kuchezea mawimbi mrefu kuliko yeye, aende saa nzima na nusu mpaka baharini, aanguke majini mpaka jioni, arudi na mchanga masikioni akitabasamu. Nesi anakuja na kinanda mgongoni. Mimi nikiwa na kipaza sauti nawatajia stesheni zote zilizo mbele yao, kwa lafudhi yangu ya Kigogo ambayo mwishowe waliizoea. Siku moja nikajihesabu, nikagundua kwamba nyingi ya stesheni hizo sijawahi kuzikanyaga. Nikamwambia Joe, ambaye naye alikuwa amehamishiwa hapo kumalizia muda wake. Akasema, "Milango ikifungwa, si wako tena." Sikumbishia, lakini sikukubali.

Baada ya Joe kustaafu ndipo akaja Mzee Bahati.

Mzee Bahati ni Mkongo wa Uvira. Miguu yake ilikwisha nguvu, anatumia kiti cha umeme, na anaishi na binti yake Furaha, mtaa wa pili kutoka stesheni. Furaha anatunza wazee wa watu wengine zamu za usiku, kwa hiyo mchana analala, na mzee wake anabaki na televisheni inayoongea Kiingereza asichokijua. Alhamisi moja nikamwona amesimamisha kiti mbele ya lifti, kofia kichwani, koti limepigwa pasi. Nikampa shikamoo. Akacheka, maana kwao haitumiki, lakini kuanzia wiki ya pili aliitikia marahaba vizuri kuliko Mtanzania.

"Unakwenda wapi, mzee?"

Akatoa ramani ya reli mfukoni, imekunjwa mpaka imechakaa, akaweka kidole kwenye stesheni ya kwanza baada ya yetu. "Hii. Juma ijayo, hii ingine. Nazipanga moja moja mpaka zinakwisha."

"Kuna nini huko?"

"Sijui. Ni kwa sababu ya ile naenda."

Nilipomzoea nilimuuliza sababu. Akaniambia, "Mwanangu, kambini nilikaa miaka kumi na moja. Kila mutu mwenye alitoka ku nyumba yake, alitoka juu ya shida. Maji, kuni, ration, dispensaire. Hapa naona mutu anatoka ku nyumba hana shida hata moja. Nataka nijue anaendaka wapi."

Nikajua nimepata mwenzangu.

Sasa wadogo zangu, hapa msikilize, ndipo kazi ilipo. Ukimpandisha abiria wa kiti cha magurudumu unafanya mambo matatu. Unamweka behewa lile ambalo gadi wa treni anaweza kumwona. Unamwambia gadi huyu anashuka wapi. Halafu, kabla hujafanya lingine lolote duniani, unapiga simu stesheni anayoshukia: treni hii, behewa hili, kiti kimoja. Simu inamtangulia abiria. Akifika anakuta mtu na rampu. Usipopiga, anakuta mlango wazi, na pengo, na hakuna mtu.

Kila Alhamisi nilipiga. Baada ya saa mbili tatu treni ya kurudi ilimshusha, na mimi nilikuwa nimeshapanga mapumziko yangu ya chai yaangukie hapo. Aliniletea habari kama mwandishi wa redio. Mahali fulani aliona wazee waliovaa nyeupe tupu mpaka viatu, wanabingirisha mipira kwenye majani yaliyonyolewa. "Anasukuma boule polepole, kisha anaifuata kuiangalia. Hakuna mwenye anakimbia. Hakuna mwenye anagombana. Niliangalia saa mbili, sijui nani alishinda, na wao naona hawajui." Mahali pengine aliona vijana wanafungwa kamba kama mbuzi wanapanda ukuta ndani ya nyumba. "Ni kufika juu, hakuna kitu. Wanashuka." Huko Rooty Hill alimwona mama akimfundisha mbwa kukaa, na baada ya nusu saa, aliyekuwa amekaa ni mama. Kando ya mto alimkuta mtu anavua samaki, anamtazama, anamrudisha majini. Hilo lilimsumbua wiki nzima. "Yule samaki mmoja alitoka mara tatu, Mama Neema. Nilimutambua."

Miezi minane tulikwenda hivyo. Nusu ya ramani ilikuwa na alama za kalamu.

Kisha mama yangu akafa Dodoma. Nilipata tiketi siku ya pili, na ndege mbili, na basi, nikafika kaburi limeshafunikwa. Nilikaa wiki tatu nikarudi kazini. Wenzangu jukwaani walikuwa wema: kadi, maua, mkono begani, pole mara moja, kisha kila mtu akaniachia nafasi yangu. Hapa heshima ni kutokukuuliza. Sikuwalaumu. Lakini nilizunguka na msiba wangu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hakuna pa kuiweka.

Alhamisi ya kwanza tangu nirudi, Mzee Bahati, aliyekuwa amesikia, alikuja na kofia mkononi. Hakuitoa ramani. Alileta kiti karibu, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaanza kama inavyotakiwa kuanza.

"Pole sana, mwanangu. Alilala muda gani kabla ya kwenda?"

"Siku nne, mzee."

"Nani alimufunga macho?"

"Dada yangu."

"Na wewe, ulimukuta?"

"Sikumkuta. Nilikuta udongo."

Hakusema kwamba mama yuko mahali pema. Alinishika tu, na mimi nikalia pale pale jukwaa la pili, nimevaa koti la rangi ya chungwa, mbele ya watu. Treni ikaingia. Mikono ilifanya kazi yenyewe: rampu, kiti, behewa, rampu nyuma. Kwenye mlango bado alikuwa akisema, "Nikirudi utanieleza jina lake, tumuombee." Nikainua bendera, milango ikafungwa. Nikaenda kunawa uso, nikachemsha chai, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nikahisi ndoo imepungua.

Gadi sikumwambia. Simu sikupiga.

Nilijua saa nane na robo, treni ya kurudi ilipofika na kufungua milango na hakushuka mtu wa kiti. Nilisimama na rampu mkononi. Nikapiga stesheni aliyotakiwa kushukia. Kijana wa huko akasema hajapata simu yoyote na hajaona kiti. Na yeye alikuwa ameelewa, akasema atawauliza wenzake walio mbele. Nikapiga iliyofuata, na iliyofuata. Simu ya mzee mwenyewe ilikuwa nyumbani inachaji, kama zilivyo simu za wazee wote.

Saa tisa na nusu Furaha akaja jukwaani. Alikuwa na kandambili na fulana ya kulalia, na juu yake koti la kazi. Ameamka, hakumkuta baba yake.

"Mama, papa yuko wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kikazi. Tunafuatilia, tafadhali subiri hapa. Nikamwambia, "Amepitilizwa. Tunamtafuta."

Aliketi chini. Hakwenda kwenye benchi, aliketi sakafuni, akaziba masikio kwa viganja. Miaka yote ile nimeona watu wakikosa treni, wakipoteza mizigo, wakigombana na mashine ya tiketi. Sijaona mtu aliyeogopa vile.

Walimpata mwisho wa reli, upande wa kaskazini, kule miti ni mingi kuliko nyumba. Gadi alikuwa akikagua mabehewa, akamkuta ametulia na kofia mapajani. Aliwapungia watu mkono kuomba msaada, na watoto wa shule, wenye adabu zao, walimpungia pia. Walimleta saa kumi na moja. Nilimshusha mwenyewe. Furaha alimshika uso, akamkagua mikono, akamfunga vifungo vya koti ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari. Kisha akanigeukia.

"Ni nani alimupandishaka?"

"Ni mimi. Sikupiga simu. Kosa ni langu."

"Furaha, ni mimi nilimushika mukono," mzee akasema. "Alikuwa mu kilio."

"Papa, nyamaza." Sauti yake haikupanda. "Mama, miye nakuheshimu. Lakini papa hapandake train tena. C'est fini, imekwisha."

Jioni hiyo nilijaza fomu ya tukio. Ina kisanduku kimeandikwa sababu, na orodha ya kuchagua: hitilafu ya kifaa, hali ya hewa, tabia ya abiria, mengineyo. Nilitazama ile "tabia ya abiria" muda mrefu. Ingenifaa. Nikaweka alama kwenye mengineyo, nikaandika kwa Kiingereza kwamba nilikuwa nikifarijiwa. Bosi wangu alisoma, akaniuliza kama nilichukua likizo yangu yote ya msiba. Nikasema ndiyo. Akauliza, sasa tatizo lilikuwa nini? Alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa. Nilimweleza kwamba kwetu likizo siyo pole. Alinipa barua ya onyo, na nilistahili, na nilipotoka aliniita tena ndani akaniuliza jina la mama yangu.

Alhamisi tatu zikapita. Treni zilikuja na kuondoka. Nilikuwa nakunywa chai saa yoyote tu.

Ya nne nilikuwa na mapumziko, nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikaenda kwa Furaha kama mtu anavyokwenda kuomba radhi. Mzee alikuwa sebuleni, televisheni inaongea, ramani iko juu ya kabati mahali asipoweza kuifikia. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nilimfuata Furaha jikoni. Alipokea sukari kwa mikono miwili, akasonga ugali akinipa mgongo, na ndipo aliponiambia.

"Tulipokimbia, camion, ile lori, ilikuwa na nafasi ya mutu moja. Mama alikuwa mugonjwa, tukamupandisha. Dereva akasema, mutamukuta kule mbele, ku Croix-Rouge, ku Msalaba Mwekundu. Sisi tukatembea siku mbili. Tulifika. Hakuna camion, hakuna mama. Kila mutu tulimuuliza, hakuna mwenye alimuona. Mupaka leo, Mama Neema. Papa haongeake ile maneno. Lakini siye tulimupandisha kwa mikono yetu."

Moto wa jiko uliendelea. Nilitaka kusema pole, nikaona neno lenyewe ni dogo. Nikavuta stuli nikaketi, nikamuuliza mama yake aliitwa nani, na alikuwa mgonjwa wa nini, na siku ile alivaa nini. Alijibu yote. Kitambaa cha kichwani kilikuwa cha kijani. Ugali uliungua kidogo chini.

Alipomaliza akafuta mikono, akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na abiria wala bosi wala mkufunzi yeyote. "Ukisha kumupandisha mutu, ukisha kupiga ile simu. Unajuaka aje kama alifika?"

Tunapiga kumtanguliza, wa kule anasema sawa, basi. Hakuna anayepiga kurudisha. Maelfu nimewapandisha, na mimi ndiye mdadisi wa kujua watu wanakwenda wapi, na hata mmoja sikuwahi kuuliza kama kweli alishuka.

"Sijui," nikamwambia.

"Donc, ni kusema munatumaka mutu, na hamuulizake."

"Hatuulizi."

Sikumwomba amruhusu mzee. Ningemwombaje? Nilirudi kazini nikaanza kuwapigia wenzangu wa stesheni moja moja, nikiwaomba kitu ambacho hakimo kwenye kitabu: nikikutumia mtu wa kiti, ukishamshusha, nipigie. Sekunde tano. Wengine walisema sawa. Mmoja alisema Mama, nina treni kila dakika sita hapa. Nikamwambia nami pia. Yule kijana wa siku ile ya mkasa alikubali kabla sijamaliza sentensi. Baada ya wiki mbili simu yangu ilikuwa inalia jukwaani siku nzima, amefika, ameshuka, tumempata, na kila ikilia nilifurahi kama mtoto. Huko nyuma nilikuwa nafanya nusu ya kazi.

Nilimwandikia Furaha ujumbe kumweleza, bila kuomba lolote. Alijibu baada ya siku tatu: "Alhamisi. Nakuja naye. Nataka nisikie na masikio yangu."

Alhamisi wakaja wote wawili, yeye ametoka moja kwa moja zamu ya usiku, macho mekundu. Mzee alikuwa na koti lililopigwa pasi na ramani mkononi. Aliweka kidole kwenye stesheni ile ile aliyopitilizwa. Nilimpandisha. Nilimwambia gadi, nikamfanya arudie jina la stesheni, akarudia akicheka. Nilipiga simu, Furaha amesimama karibu yangu bega kwa bega: treni hii, behewa la pili, kiti kimoja, mzee mwenye kofia. Niliinua bendera. Treni ikaondoka, na Furaha akaitazama mpaka ikapinda.

Ni mwendo wa dakika kumi na tisa. Nilimwambia aketi, akakataa. Treni mbili ziliingia nikazihudumia, nikarudi nikamkuta pale pale, mikono imekunjwa, anaitazama simu yangu kama inaweza kukimbia. Dakika ya kumi na tisa ikapita. Ya ishirini. Ya ishirini na moja hakuwa anapumua, na mimi pia, nisiwadanganye.

Ikalia. Nikampa yeye aipokee.

Ilikuwa ni sauti ya yule kijana. Nilimsikia kutoka nilipokuwa: tumempata, ameshuka, yuko salama, tayari ananiuliza kwa ishara wapi kuna cha kutazama. Nikanyoosha mkono nipokee simu yangu. Furaha hakunipa. Aliishika kwa mikono miwili, akaibana sikioni.

"Samahani," akamwambia kwa Kiingereza chake cha kazini, taratibu. "Naomba useme tena."